Picha ya Dakika Mbili

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta zaidi. Ilionyesha korido ya ghorofa ya juu ya Ofisi ya Ramani, ndefu, imepangwa makabati ya vioo kushoto na kulia, sakafu yake ya mbao ikimeta kana kwamba imepigwa deki muda uleule. Mwisho kabisa, mkabala na mlango wa mkuu wa ofisi, mzee mmoja ameketi kwenye benchi, kichwa na mgongo vimeegemea ukuta, mikono iko juu ya magoti. Hakuna mtu mwingine. Vifungo vya shati la mzee ungeweza kuvihesabu.

"Unatafuta nini tena humo?" Mkuu wa kituo alimuuliza, akiwa amesimama mlangoni na kofia kwapani. "Mama kauawa chumbani mwake. Korido ni moja na ngazi ni moja. Mpiga picha alikuwa ngazini asubuhi nzima, hakumwona mtu akipanda kabla ya karani aliyeikuta maiti. Picha hii hapa, mtu ni mmoja. Na huyo mmoja anasema kwa mdomo wake kwamba alikuwa macho, hakupita hata paka. Sasa unasubiri malaika ashuke akunong'oneze?"

"Nasubiri kuelewa, afande."

"Elewa upesi. Kesho asubuhi anapandishwa kizimbani. Faili nalitaka mezani kwangu kabla sijaenda nyumbani."

Mkuu alikuwa na haki ya kusema hivyo, na Inspekta hakuwa mtu wa kubishana kwa ajili ya kubishana. Aliyeuawa alikuwa mkuu wa Ofisi ya Ramani, mwanamke wa makamo ambaye hata waliomwogopa walimwita Mama Ramani. Alipigwa kisogoni kwa chuma kile kizito cha kukandamizia karatasi zisijikunje. Mzee wa kwenye picha alikuwa mlinzi wa jengo. Walimwita Mzee Macho, kwa kuwa tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumkuta amesinzia kazini. Mama Ramani alikuwa amemwambia mwezi ukiisha apumzike, na kupumzika kulimaanisha kuhama nyumba ndogo ya getini aliyokaa na binti yake. Kwa hiyo hata sababu ilikuwepo. Kesi ilikuwa imejipika yenyewe, imebaki kupakuliwa.

Binti wa Mzee Macho alikuwa nje kwenye veranda, na mfuko mapajani. Inspekta alipotoka, alisimama.

"Shikamoo, dada. Nimemletea shati la kwenda nalo kesho. Asije akasimama mbele za watu na lile alilolalia."

"Marahaba. Kaa nalo kwanza, mdogo wangu."

"Kwa hiyo haendi?"

Inspekta hakupenda kudanganya watu waliokaa tangu alfajiri bila kunywa hata maji. Akamwambia akapumzike, akajua hatakwenda popote.

Kilichomsumbua kilikuwa kidogo, na ndiyo maana hakukitaja mbele ya Mkuu. Juu ya mlango wa Mama Ramani palikuwa na saa ya ukutani. Siku ya kwanza alipofika pale kuitazama maiti, aliiona saa ile ikitembea, na mshale wa sekunde ulikuwa mwekundu, mwembamba. Kwenye picha saa ilikuwepo, mshale wa saa upo, wa dakika upo ila umenenepa. Mwekundu hakuwepo kabisa.

"Labda umetoka rangi," Konstebo alisema walipokuwa njiani kwenda kwa mpiga picha.

"Umetoka rangi kwenye picha, ukarudi rangi ukutani?"

"Basi mimi naendesha gari tu, afande."

Studio ya mpiga picha ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la saruji, kuta zimejaa maharusi waliotabasamu. Mwenyewe alikuwa mwembamba, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, na alikuwa na fahari ya mtu anayejua kazi yake. Alipoulizwa kuhusu picha ya korido alivuta kiti kama aliyeulizwa habari za mtoto wake.

"Pale mwanga ulikuwa haba, afande. Umeme umekatwa, mafundi wanabadilisha nyaya. Kuna kidirisha kimoja tu juu ya ngazi. Wengi wangeshindwa."

"Kwa nini hukutumia flashi?"

"Na makabati yale ya vioo? Ningepiga picha ya flashi yangu mara kumi na nne."

Konstebo alicheka. Inspekta alisubiri amalize.

"Basi ungeongeza kitu kingine. Kamera si inaweza kulazimishwa ione gizani?"

"Aiso. Naam, ukiipandisha inaona, lakini picha inajaa chembechembe, utadhani mtu kamwaga mchanga. Wao walitaka picha za kukuza, za kutundika ukutani jengo likishakarabatiwa. Kwa hiyo aiso niliishusha mpaka chini. Halafu tundu la lenzi nikalibana, ili kabati la karibu na mlango wa mbali vyote vitoke vikali. Sasa ukishashusha aiso na tundu umelibana, mwanga utaupata wapi? Unabaki na muda tu. Unaiacha kamera wazi, inachota mwanga kidogo kidogo mpaka itosheke."

"Muda gani?"

"Dakika mbili."

Inspekta aliweka kalamu mezani. Alikuwa ameitazama picha ile tangu juzi kama jicho lililofumbuka na kufumba, kama picha zote alizowahi kuzitazama maishani. Kumbe haikuwa jicho. Ilikuwa dakika mbili zilizomwagwa juu ya karatasi moja, na mshale wa sekunde ulikuwa umeizunguka saa mara mbili bila kukaa popote kiasi cha kuonekana.

"Na mtu akipita ndani ya dakika hizo mbili?"

"Anapita tu. Kamera haina habari naye. Ukisimama ndipo inakushika, ukitembea unakuwa hewa. Ndiyo raha yake, jengo linatoka tupu hata kama kuna watu."

"Lakini wewe uliandikisha kwamba hakupita mtu."

"Hapana, afande. Nilisema kwenye picha hakuna mtu mwingine. Aliyekuja kunihoji aliniuliza picha inaonyesha nani, nikamwambia."

Inspekta hakuhitaji kuuliza aliyekuja alikuwa nani. Konstebo alikuwa ameanza kusoma majina ya maharusi ukutani kwa bidii kubwa.

"Na wewe mwenyewe, dakika hizo mbili, ulikuwa wapi?"

Mpiga picha alishusha miwani, akaifuta, akaivaa.

"Sakafu ile ni ya mbao. Ukikohoa tu stendi inatikisika. Nikishafungua shata, kile kilango cha mwanga cha kamera, nashuka mpaka kwenye ngazi za zege, nakaa pale nikisubiri. Ndiyo kawaida yangu kwenye majengo ya zamani."

"Ukikaa pale korido unaiona?"

"Ngazi ndiyo naiona. Korido siioni."

Kwa hiyo ushahidi wote ulikuwa kweli, na ulikuwa bure. Hakuna aliyepanda ngazi asubuhi ile kabla ya karani. Lakini kama mtu alikuwa juu tayari, amejifungia, angeweza kutoka na kutembea mbele ya kamera, na kamera isimwone. Inspekta alimwambia mpiga picha abebe vyombo vyake vyote, na kompyuta pia.

Walifika Ofisi ya Ramani umeme ukiwa bado haujarudi. Mpiga picha alisimamisha stendi palepale penye alama za miguu yake mitatu kwenye vumbi, akashusha aiso, akabana tundu, kila kitu kama siku ile. Konstebo alipewa kazi ya kuwa Mzee Macho.

"Kaa kwenye benchi. Usitikisike."

"Hilo naliweza, afande. Mama yangu alisema nimezaliwa mvivu."

Walishuka wote wawili hadi kwenye zege, wakangoja. Waliporudi na kuitazama picha, Konstebo alikuwa na masikio manne. Uso wake ulikuwa umechanganyika kama uji, na vidole vilikuwa vimeungana vikawa kitu kimoja.

"Nilitulia," Konstebo alilalamika. "Wallahi nilitulia."

"Ulitulia kadiri mtu anavyoweza," Inspekta alimjibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. Alikuwa ameanza kuona jambo ambalo hakulipenda. Aliliweka pembeni kwanza. "Sasa tembea. Anzia hapa mpaka mlango wa mwisho, mwendo wa kawaida."

Wakati mpiga picha anaandaa kamera, naibu wa ofisi alipanda ngazi. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi, anayeongea polepole kama aliye msibani. Akawapa pole na kazi.

"Chumba chako ni hiki?" Inspekta alimuuliza, akionyesha mlango uliokuwa katikati ya korido.

"Ndicho."

"Asubuhi ile ulikuwemo?"

"Hapana. Nilikifunga mapema nikashuka kwa mafundi umeme. Nilikuwa chini mpaka tuliposikia karani aliyemkuta marehemu anapiga ukunga."

"Nani mwingine ana ufunguo wa hapa?"

"Hakuna. Kitasa nilibadilisha mwenyewe mwaka jana, vitu vinapotea sana humu." Akatazama benchi tupu, akatikisa kichwa. "Mzee wa watu. Uzee unabadilisha mtu. Nilimpenda sana."

"Asante. Usiende mbali, huenda tukakuhitaji."

Alishuka. Shata ikafunguliwa, wakashuka wao pia hadi kwenye zege na kuketi kimya, huku juu Konstebo akisikika anatembea. Sakafu ilikuwa imetapakaa nyaya za mafundi, na kwa kuwa hakutaka kuanguka mbele ya bosi wake alikuwa amewasha tochi ya simu.

Picha ilipotoka, korido ilikuwa tupu. Konstebo wa kilo tisini alikuwa ametoweka na buti zake. Lakini kimo cha kiuno, kutoka mwanzo wa korido hadi mwisho, palikuwa na mstari mweupe mwembamba, unapanda na kushuka kidogo kwa kila hatua. Mtu hakuonekana, ila tochi yake ilikuwa imechora njia nzima aliyopita.

Inspekta aligeuka kumsifu mpiga picha. Mpiga picha alikuwa amekaa sakafuni.

"Afande," alisema. "Niliufuta."

"Ulifuta nini?"

"Mstari kama huo. Kwenye picha ya siku ile. Nilidhani mwanga umegonga kioo cha kabati. Mimi picha simpi mtu mpaka niisafishe, hata ya harusi chunusi natoa. Polisi walipokuja wakaitaka nikawapa iliyokwisha safishwa. Sikufikiri, haki ya Mungu sikufikiri."

"Ile ya kwanza unayo?"

"Sijawahi kutupa ya kwanza."

Aliitoa kompyuta kwenye begi, akaifungua. Korido ilionekana ileile, na mzee yuleyule kwenye benchi. Mstari ulikuwepo. Haukuanzia ngazini. Ulianzia kwenye mlango wa katikati, ule ambao ufunguo wake ulikuwa mmoja tu, ukaenda hadi mwisho wa korido na kufanya doa nene la mwanga mbele ya kitasa cha Mama Ramani, mahali ambapo mtu alisimama kidogo kabla ya kuingia. Haukurudi. Aliyeushika alirudi baadaye, shata ikiwa imefungwa na mpiga picha ameshashusha vyombo vyake kupiga picha ya ngazi. Kisha karani alipopiga ukunga na watu wakapanda mbio, alifungua mlango akachanganyika nao.

Konstebo alikuwa wa kwanza kusema. Hakuwa na mzaha tena.

"Afande, umepita mbele ya magoti yake. Tochi imewaka, mtu kasimama mbele yake. Mzee angekosaje kuona?"

Inspekta aliikuza picha mpaka mikono ya Mzee Macho ikajaa kioo. Kila kidole kilionekana, na kucha, na mshipa wa nyuma ya kiganja. Macho yalikuwa yamezama kivulini, lakini uso ulikuwa mkali hadi mikunjo ya mashavu. Kifua peke yake ndicho kilichokuwa na ukungu kidogo, kwa ajili ya pumzi. Kwa dakika mbili nzima mzee huyu alikuwa ametulia kwa namna ambayo kijana mwenye afya, tena aliyeamriwa, alishindwa.

"Amelala," Konstebo akasema polepole.

"Amelala," Inspekta akakubali, na moyo ukamuuma.

Naibu alikamatwa chini, uani, akiwa anawaelekeza mafundi pa kupitisha waya. Alipoonyeshwa mstari alisema hatajibu kitu bila wakili. Nyuma ya kabati la chumba chake zilikutwa ramani mbili za asili ambazo Mama Ramani alikuwa akiziulizia tangu wiki iliyotangulia. Mpiga picha alibaki amekaa sakafuni kwenye korido, akirudia kwamba hakufikiri.

Mkuu wa kituo alisikiliza yote bila kumkatiza, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya alisema amefurahi. Kisha akagusa jalada kwa kidole.

"Humu kuna maelezo ya mlinzi. Ameyatia sahihi. Alikuwa macho, hakupita mtu. Wakili wa naibu akiyasoma hayo mahakamani, mstari wako utabaki kuwa taa iliyogonga kioo. Mzee ayabadilishe leo, la sivyo kesho ni yeye atakayesimama kizimbani."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mzee Macho alipoletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikaa wima. Inspekta alimwekea maji, hakuyagusa.

"Baba, tumempata aliyefanya."

Mzee alifumba macho, akayafumbua. "Alhamdulillahi."

"Ni naibu. Alipita mbele yako na tochi mkononi."

"Hakupita mtu. Nilishasema."

"Nataka uyabadilishe maelezo yako."

"Nilikuwa macho. Uliza yeyote pale, kuanzia mfagizi. Uliza jina langu lilitoka wapi."

Inspekta alimwekea picha mbele, ile iliyokuzwa. Alimweleza taratibu, bila kumharakisha, jinsi kamera ilivyochota mwanga kwa dakika mbili, jinsi Konstebo alivyotoka na masikio manne. Alimwonyesha vidole vyake mwenyewe. Mzee aliitazama mikono ile kwenye karatasi, kisha akaitazama iliyokuwa juu ya meza, ambayo ilikuwa inatetemeka.

"Hakuna mtu aliye macho anayetulia hivi, baba."

Mzee aliigeuza picha kifudifudi.

"Kama ni nyumba, tutaongea na wahusika. Binti yako hatalala nje. Lakini ukishikilia haya maneno, kesho watakushtaki kwa kumuua, na yule atatoka. Unanielewa? Ni kusinzia tu. Kila mtu anasinzia."

"Nyumba waichukue," mzee alisema. "Sikuwaza nyumba."

"Basi nini? Unakubali kuitwa muuaji, hutaki kuitwa mtu aliyesinzia?"

Aliposema hivyo alijutia ukali wake, maana uso wa mzee ulivunjika. Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, naye hakuyafuta, kana kwamba hayakuwa yake.

"Mama Ramani aliniambia nimechoka," alisema baadaye. "Akaniambia, mzee wangu, nakuona unachoka, pumzika. Nikakasirika. Nikamwambia mimi sijawahi kulala kazini, wala sitalala. Siku zote hizo baada ya hapo nilikuwa sisemi naye vizuri."

Inspekta aliacha kalamu ilipo.

"Na nilimsikia, binti yangu. Watu wote mnaniuliza kama nilisikia kitu. Nilimsikia akiniita. Mzee, mzee, mara mbili. Nikadhani naota, ananiita kama kila siku nimfungulie kabati. Nikaitika."

"Uliitika?"

"Usingizini. Nilisema naam mama, nakuja. Yeye akasikia nimeitika." Alivuta karatasi tupu iliyokuwa mbele ya Inspekta, akainyoosha kwa viganja, akamrudishia. "Haya, andika kwamba nililala. Andika na hilo pia, kwamba nilimwambia nakuja."